Michezo ya mtandaoni: vijana wa Mashariki hawashindwi na wapinzani, wanashindwa na njia

Kila jioni, umeme ukiwepo, vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Bunia wanafungua simu zao na kuingia katika Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty Mobile ao eFootball. Mchezo unaanza vizuri. Kisha saa ya kufyatua risasi inafika, kidole kinagusa kioo, na adui aliyeonekana amesimama mbele kumbe amekwisha kusogea. Risasi inapita bure. Muda mfupi baadaye kijana anasoma kwenye kioo kwamba ameuawa, tena na mtu ambaye hakumwona hata mara moja.

Wachezaji wenzake kutoka nchi zingine wanamtukana kwamba hajui kucheza. Wazazi wanasema anapoteza wakati. Yeye mwenyewe anafikiri simu yake imezeeka, ao forfe yake ya mega imekaribia kwisha. Mara nyingi hakuna kati yao anayesema kweli. Kinachomshinda kijana huyo ni urefu wa njia ambayo kila amri ya kidole chake inapita kabla ya kufika kwenye seva ya mchezo na kurudi. Njia hiyo haikuchorwa na Mungu. Sehemu yake kubwa imechorwa na watu, na watu wanaweza kuichora upya.

Mashariki mwa Kongo hili linaonekana kuwa jambo dogo, jambo la watoto. Sivyo. Uchelewa unaomfanya kijana wa Kadutu ashindwe katika Free Fire ndio unaomfanya mwanafunzi akatikiwe na somo la mbali, daktari asisikilizane na mwenzake kwa simu ya video, na kijana anayetafuta kazi ya mtandaoni aonekane mzito mbele ya mwajiri. Michezo inaonyesha ugonjwa mapema tu, kwa sababu ndiyo isiyoweza kuvumilia.

Mega nyingi si mwendo

Kosa la kwanza ni kuchanganya mambo mawili. Kampuni za simu zinauza mega na giga, na matangazo yao yanasema mtandao ni wa mbio. Lakini kuna kiasi cha mzigo unaoweza kupita, na kuna muda ambao mzigo unatumia njiani. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Anayejua ziwa Kivu ataelewa upesi. Meli kubwa ya mizigo inayotoka Goma kwenda Bukavu inabeba mamia ya magunia, lakini inatumia saa nyingi. Boti ya mbio inabeba watu wachache na inafika mapema. Mtu akiwa na tani za maharagwe, meli kubwa inamfaa. Mtu akiwa na barua moja ya haraka, magunia ya meli hayamsaidii kitu.

Mchezo wa mtandaoni ni barua za haraka. Unapocheza, simu haitumi video. Inatuma habari fupi sana: nimesogea hapa, nimeruka, nimefyatua. Kwa saa nzima ya kucheza, michezo mingi ya namna hiyo inatumia makumi ya mega tu, kidogo sana kuliko filamu moja. Lakini barua hizo zinatoka mara nyingi kila sekunde, na kila moja inapaswa kufika sasa hivi.

Muda wa barua kwenda na kurudi ndio vijana wanaouita pingi. Unahesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pingi ya 30 ni nzuri sana. Pingi ya 100 inaanza kuumiza katika michezo ya risasi. Pingi ya 200 na kupita, mchezaji anapigana na vivuli.

Michezo mingi inachora picha 60 kila sekunde, maana yake picha moja inakaa karibu milisekunde 17. Mwenye pingi ya 200 anapata jibu la seva baada ya picha 12 kupita. Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde atakuwa amesogea zaidi ya mita moja katika muda huo. Mita moja ni tofauti kati ya kichwa na ukuta.

Mwaka 2006, watafiti Mark Claypool na Kajal Claypool walichapisha uchunguzi juu ya uchelewa na matendo ya wachezaji. Walionyesha kwamba si michezo yote inaumia sawasawa. Katika michezo ya risasi inayotazamwa kwa macho ya mchezaji mwenyewe, mambo yanaharibika karibu na milisekunde 100. Katika michezo ya kupanga vita kwa kutazama uwanja kutoka juu, mchezaji anaweza kuvumilia hata sekunde nzima. Sababu ni mbili: tendo linahitaji usahihi kiasi gani, na lina muda gani wa kutimizwa. Kujenga nyumba katika mchezo kunaweza kusubiri. Kupiga penalti hakusubiri.

Ubaya zaidi ni pingi isiyotulia. Ikiwa daima ni 150, mchezaji anaweza kuizoea, akafyatua mapema kidogo. Lakini ikiwa ni 90 sasa, kisha 400, kisha 120, hakuna mkono unaoweza kuizoea. Na barua zingine zinapotea njiani kabisa. Hapo ndipo adui anaruka kutoka mahali hadi mahali kama mzimu.

Wanaotengeneza michezo wanajua shida hii tangu zamani. Mwaka 1996, kampuni ya id Software ilitoa QuakeWorld, ambamo mashine ya mchezaji ilianza kukisia mwendo bila kungoja seva. Baadaye seva zikajifunza kurudisha wakati nyuma: ukifyatua, seva inajiuliza ulikuwa unaona nini wakati ule, kisha inaamua kama risasi imepata. Ndiyo maana mtu anaweza kujificha nyuma ya ukuta na bado akafa. Kwenye kioo cha aliyempiga, alikuwa hajajificha. Ujanja huu unapunguza maumivu, lakini hauondoi njia. Na seva zingine zina mpaka: pingi ikiwa kubwa mno, mchezaji anafukuzwa, hata kama hakukosea kitu.

Kutoka Goma hadi Marseille

Njia hiyo inapita wapi? Mwanga katika fibra unakimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hesabu rahisi, kila kilomita 100 za umbali zinakula milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Hakuna kampuni, hata tajiri namna gani, inayoweza kubadilisha sheria hiyo.

Kutoka Goma hadi Marseille, mji wa Ufaransa ambako kebo nyingi za Afrika na Asia zinafikia Ulaya, ni karibu kilomita 5,500 kwa mstari ulionyooka. Lakini fibra haipiti angani kama ndege. Sehemu kubwa ya mtandao wa Mashariki inatoka kupitia nchi jirani za Rwanda na Uganda, inakwenda pwani ya Kenya, kisha inaingia baharini, inapanda Bahari ya Shamu, inapita Misri na kuingia Mediterania. Hiyo ni zaidi ya kilomita 9,000. Kabla hata mashine moja ya njiani haijagusa barua, milisekunde 90 zimekwisha kuliwa. Ongeza antena ya mtaa, ongeza foleni ya jioni wakati kila mtu anatazama video, na 90 inakuwa 180 ao 250.

Kongo ina mlango wake wa bahari, mdogo lakini upo. Kebo ya WACS inafika Muanda, Kongo ya Kati. Ila kutoka Goma hadi Muanda ni zaidi ya kilomita 1,900 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna msitu, mito na barabara zinazokatika. Kutoka Goma hadi Mombasa ni karibu kilomita 1,200. Kwa hiyo Mashariki inatazama Bahari ya Hindi kuliko Atlantiki, kama inavyofanya kwa mafuta, saruji na nguo. Si aibu. Lakini ni lazima kukubali kwamba mtandao wetu, kama biashara yetu, unategemea milango ya wengine.

Na milango hiyo inavunjika. Agosti 2023, maporomoko ya udongo chini ya bahari, katika korongo la mto Kongo, yalikata kebo za WACS na SAT-3. Mwanzoni mwa 2024, kebo tatu zilikatika katika Bahari ya Shamu. Machi mwaka huo, kebo nne zilikatika karibu na Abidjan. Mei, ikawa zamu ya EASSy na Seacom upande wa Bahari ya Hindi, na nchi za Afrika Mashariki zikapungukiwa mtandao. Kila mara njia moja inapokatika, barua zote zinalazimishwa kupita njia nyingine, ndefu na iliyojaa. Mchezaji wa Bunia hajui kwamba kuna meli iliyokokota nanga mbali kule. Anaona tu pingi imefika 400.

Majirani wanaosalimiana kupitia ng'ambo

Umbali wa Ulaya unaeleza sehemu moja tu. Sehemu nyingine inaudhi zaidi, kwa sababu haina sababu ya kuwepo.

Tuchukue vijana wawili, mmoja Goma, mwingine Bukavu. Kati yao kuna ziwa, na umbali wa karibu kilomita 100. Kwa mwanga, hiyo ni milisekunde moja. Wanacheza mpira katika simu, mmoja dhidi ya mwingine. Lakini mmoja anatumia kampuni hii, mwingine kampuni ile. Ikiwa kampuni hizo mbili hazikutani hapa karibu ili kubadilishana barua, basi barua ya kijana wa Goma inaweza kwenda mpaka nje ya nchi, hata mpaka Ulaya, ndipo irudi Bukavu. Majirani wanaosalimiana kwa kupitia ng'ambo.

Dawa ya shida hii inajulikana. Inaitwa kituo cha kubadilishana mtandao: chumba kimoja chenye mashine ambamo kampuni zote zinakutana na kupeana barua za wateja wao bila kuzituma nje. Kongo inavyo vituo hivyo: KINIX huko Kinshasa, LUBIX huko Lubumbashi na GOMIX hapa Goma. Kuwa na kituo ni mwanzo. Faida inakuja pale tu kampuni zote zinapoingia, tena si kwa jina, bali kwa kupitisha kweli mzigo wao pale. Soko lenye mabanda lakini bila wauzaji si soko.

Wakenya walipita njia hiyo kabla yetu. Kituo chao cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000. Kampuni ya simu ya serikali ililalamika kwamba kinavunja haki yake, kikafungwa, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Internet Society ulionyesha kwamba barua za ndani ya Kenya, zilizokuwa zikitumia milisekunde 200 hadi 600, zilishuka hadi kati ya 2 na 10. Ripoti nyingine ya shirika hilo, ya mwaka 2020, ilisema sehemu ya mtandao inayotumiwa Kenya ikitoka ndani ya nchi ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Hakuna muujiza. Watu walikubaliana kukutana chumba kimoja, na kampuni za nje zikaona faida ya kuweka mashine zao karibu.

«Watu wanakufa, ninyi mnasema michezo?»

Kuna watakaosoma haya na kukasirika. Nchi iko vitani. Tangu Januari 2025 mji wa Goma, na tangu Februari mji wa Bukavu, iko mikononi mwa AFC/M23. Familia nyingi zimehama mara mbili, mara tatu. Kuna wenye njaa. Katika hali hiyo, nani ana wakati wa pingi?

Swali ni la haki, na linastahili jibu la haki. Hakuna anayesema seva ya mchezo ije kabla ya maji, chakula na usalama. Lakini vita haijasimamisha maisha ya vijana. Imeyafunga ndani. Pale ambapo kutoka usiku ni hatari, pale ambapo safari kati ya miji imekatwa, simu imekuwa uwanja, baraza na barabara. Binamu mmoja amebaki Goma, mwingine yuko kambi ya Nakivale nchini Uganda, wa tatu amepelekwa Marekani pamoja na wazazi wake. Hawajaonana kwa miaka. Wanakutana jioni katika mchezo, wanasikia sauti, wanacheka, wanagombana kama zamani. Pingi ikiwa 300, sauti ya mmoja inafika wakati wengine wamekwisha kusema jambo lingine, na mwishoni yule wa Goma ananyamaza tu.

Halafu kuna kazi. Huko Hangzhou, China, katika Michezo ya Asia iliyofanyika mwaka 2023, michezo ya video ilitolewa medali kama mchezo mwingine wowote. Mwaka 2024, mashindano ya Esports World Cup huko Riyadh yalitoa zawadi za zaidi ya dola milioni 60 kwa jumla. Ni wachache tu duniani wanaofika kule, na kijana asidanganywe kwamba kuacha masomo kwa ajili ya Free Fire ni mpango. Lakini mlango wa kwanza wa mashindano hayo mara nyingi uko mtandaoni. Kijana wa Johannesburg ao Cairo anapimwa kwa kipaji chake. Wa Uvira anapimwa kwa kipaji chake ukitoa milisekunde 200. Huo si mchezo wa haki.

Na tuache michezo kando. Umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, unashauri kwamba katika mazungumzo ya simu, sauti isitumie zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikipita 400, mazungumzo hayafai tena. Mwalimu anayefundisha kwa mbali, mkalimani anayefanya kazi na shirika la nje, fundi anayetengeneza kompyuta ya mteja akiwa mbali, wote wanaishi chini ya kipimo hicho. Anayetengeneza njia kwa ajili ya mchezaji ametengeneza njia ya hao wote.

Nani afanye nini

Wa kwanza ni ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano. Ripoti zake za soko zinahesabu wateja na mapato ya kampuni. Ni vizuri, lakini mkaaji wa Butembo anayenunua forfe hapewi habari inayomgusa: barua yake itatumia muda gani? Pingi ipimwe mji kwa mji, kampuni kwa kampuni, mchana na jioni, na matokeo yatangazwe kila mwezi. Kipimo hiki hakihitaji mamilioni. Kampuni ikijua kwamba itaonekana ya mwisho mbele ya wateja wake wote, itatafuta njia fupi yenyewe. Na raia wa Kongo ana haki ya kudai hilo: kati ya 2020 na 2022 alikatwa pesa katika simu yake kwa jina la RAM, mpaka kelele za wananchi zikaifuta kodi hiyo. Alilipa. Aonyeshwe basi anachopata.

Wa pili ni kampuni zenyewe. Zikutane Goma kweli, na vituo kama hicho vifikiriwe kwa Bukavu, Butembo na Bunia. Kampuni mbili zinaweza kushindana kwa bei na kwa huduma, bila kulazimisha barua ya Himbi ipite Ulaya ili ifike Ibanda. Tena, zikubali kueleza katika matangazo yao kwamba giga nyingi hazimaanishi mchezo mzuri.

Wa tatu ni viongozi, wa serikali na wale wanaoshika miji kwa nguvu ya silaha, kila mmoja mahali alipo. Antena nyingi zinaishi kwa mafuta ya jenereta. Kila kizuizi cha barabarani kinachodai pesa kwa gari la mafuta ao kwa fundi anayekwenda kutengeneza fibra, kinaongeza bei na muda. Antena ikizimika, simu za mtaa mzima zinakimbilia antena moja ya mbali, na foleni inazaliwa. Hakuna anayepata ushindi wa kijeshi kwa kukata mawasiliano ya raia.

Wa nne ni kampuni za michezo. Kwa miaka mingi zilisema Afrika haina mahali pa kuweka seva. Jibu hilo limepitwa na wakati. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ilifungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Valve ina seva za Counter-Strike huko Johannesburg. Kutoka Goma hadi Johannesburg ni karibu kilomita 2,700 kwa mstari ulionyooka, nusu ya umbali wa Marseille. Nairobi iko karibu zaidi. Wachezaji wa Afrika ya Kati na Mashariki wananunua almasi na mavazi katika michezo hiyo kwa pesa halisi. Anayekubali pesa ya mteja akubali pia kuweka duka karibu naye.

Satelaiti itatuokoa?

Wengi wameweka tumaini katika Starlink. Baada ya kukatazwa mwaka 2024, ilipewa ruhusa na ARPTC mwanzoni mwa Mei 2025. Tofauti yake na satelaiti za zamani ni ya kweli. Zile za zamani zinakaa karibu kilomita 36,000 juu, na barua inatumia karibu milisekunde 600 kwenda na kurudi. Kwa mchezo wa risasi, hiyo ni sawa na kutocheza. Satelaiti za Starlink ziko karibu kilomita 550 tu, na mwaka 2025 kampuni hiyo ilifungua mlango wa mtandao wake Nairobi, jambo lililopunguza uchelewa kwa wateja wa sehemu hii.

Lakini kifaa chake kinalipwa kwa dola, na kila mwezi kinalipwa tena. Familia chache za Kadutu ao za Majengo zinaweza. Chumba cha michezo kinaweza kununua kimoja na kugawa kwa wateja. Ni wazo zuri. Ila hata satelaiti lazima ishuke mahali fulani kwenye ardhi, na ikiwa seva ya mchezo iko Ulaya, safari ya baharini inabaki pale pale. Satelaiti ni boti nzuri. Haifanyi ziwa liwe dogo.

Wakati huohuo, vijana waache kutupa pesa. Programu zinazoahidi «kushusha pingi» haziwezi kufupisha kilomita hata moja. VPN inaweza kusaidia mara chache, pale ambapo njia ya kampuni ni mbovu sana, lakini mara nyingi inaongeza mzunguko. Yanayosaidia ni madogo: kuchagua seva yenye namba ndogo kuliko zote, kukaa karibu na kifaa cha Wi-Fi, kusimamisha programu zinazojipakua chinichini, kumwomba ndugu asitume video wakati wa mchezo, na kucheza kabla ya foleni ya jioni. Tena, mtu asitazame idadi ya vistari vya mtandao kwenye simu. Vistari vinaonyesha nguvu ya antena ya mtaa. Havisemi kitu juu ya njia inayobaki.

Na wanaopanga mashindano ya miji wajue kwamba mahali pazuri pa kupima kipaji ni chumba kimoja: simu zote kwenye Wi-Fi moja, ao mashine kwenye televisheni moja, ambapo mchezo unaruhusu. Hapo angalau kila mtu anabeba mzigo ule ule, na atakayeshinda ameshinda kweli.

Ila chumba kimoja hakitoshi kwa vijana wanaotaka kupimana na dunia. Hao hawaombi zawadi wala huruma. Wanaomba barua zao zisitembezwe bure. GOMIX ipo, fibra ipo, seva za Afrika zipo. Kinachokosekana ni kampuni kukaa meza moja na mamlaka kuwauliza kwa sauti, mbele ya wateja wao: kwa nini mtu wa Goma na mtu wa Bukavu, wanaoangalia ziwa lile lile, wazungumze kupitia Ulaya?

Mpaka swali hilo lijibiwe, mzazi anayemwona mwanawe anatupa simu kwa hasira baada ya kushindwa asiharakishe kumlaumu. Amuulize kwanza pingi yake ilikuwa ngapi.